A Haionekani Tena

Kibandani kwangu Mpondwe, hatua chache toka kizuizi cha mpaka,
kompyuta ni moja, na wateja ni siku ya soko.
Kibodi niliirithi kwa shule iliyofungwa:
A haionekani tena, E imebaki mkia,
kitufe cha nafasi kinang'aa kama goti la suruali kuukuu.
Hainisumbui. Vidole vinaijua njia ya nyumbani gizani.
Nikibonya, chini kuna utando unaogusa utando,
na namba hutimka kwenye waya.
Mashine haiijui A. Inajua namba.
Sura ya herufi ilichorwa kwa ajili yetu sisi wasahaulifu.

Kyakimwa amekuja na laini mpya ya simu.
Ushirika umesema pesa za mkononi basi:
kahawa italipwa kwa simu, na simu husajiliwa kwa kidole.
Amekaa ukingoni mwa benchi, anakitazama kipanya.
"Na hiki kinakula nini?"
Nakigeuza kichalichali. Tumboni taa nyekundu,
na jicho dogo linalopiga picha za meza, maelfu kwa sekunde:
mkwaruzo huu ulikuwa hapa, sasa uko pale,
basi tumesogea.
"Aa," anasema, "ndivyo ninavyoshuka mlima,
mzigo mgongoni, kamba kwenye paji la uso.
Sioni mbele. Nasoma mawe tu."

Kisha kidole.
Skana yenyewe ni kijisanduku chenye kioo, haifiki kiberiti,
inaimulika ngozi kwa chini
ikitafuta matuta na mifereji, kama bwana shamba.
Kidole cha shahada, kulia.
Haikusomeka.
Nafuta kioo. Anapangusa kidole kwenye kitenge.
Haikusomeka.
Gumba. Mafuta kidogo. Gumba tena.
Haikusomeka.

Skrini ni nukta tupu, nyekundu, kijani, buluu,
kila moja ikiwaka kwa kiasi chake
hadi jicho likubali kudanganywa.
Sijawahi kuzichukia nukta
mpaka leo zilipojipanga mara nne kwa neno lile lile.

"Mikono hii," anasema, wala halalamiki,
"imechuma na kukoboa kabla mama yako hajaolewa.
Majivu, jembe, utomvu wa ndizi.
Hayo matuta unayoyataka yako huko juu, kwenye mibuni.
Itume hiyo taa ikayafuate."
Nyuma yake kijana wa fotokopi anasonya.

Naitazama A yangu.
Hakuna aliyeiiba. Niliifuta mwenyewe,
barua kwa barua: maombi ya kazi, mipaka ya viwanja,
matangazo ya misiba ya watu nisiowajua.

Tukabaki na kidole cha mwisho, cha kushoto,
kile kisicho na kazi ila kuwafuata wenzake.
Nikakiwekea kivuli kwa kiganja changu, jua lilikuwa kali.
Kimya.
Halafu spika, yenye koni ya karatasi iliyotatuka,
ikatetemeka, ikatoa mlio wa kifaranga.

Printa ikaamka kwa kunguruma.
Ndani yake gurudumu linavuta unga mweusi
kama sweta ya nailoni inavyovuta nywele,
unga unatua palipo na neno tu,
kisha moto unaubandika usianguke.
Risiti ikatoka. Kyakimwa hakuisoma,
aliiweka shavuni. "Ina joto," alisema,
akaikunja mara tatu, akaifungia kwenye pindo.

Alipokuwa akiinuka akaegemea meza.
"Na hiki kisicho na kitu, ni kipi?"
"A."
"Umejuaje?"
Sikuwa na jibu. Akakibonya kwa kidole cha shahada,
kile cha kulia, akakiacha hapo akifikiri mambo yake,
na kwenye skrini
aaaaaaaaaaaaaaaaaa
mpaka kijana wa fotokopi akauliza
kama leo tutafunga saa ngapi.